Kuiga foleni ya idara ya dharura kwa kompyuta: anzia wodini

Idara ya dharura ikifurika, wengi hukimbilia kuhesabu wanaoingia mlangoni. Modeli ya namna hiyo itakudanganya. Mara nyingi kinachoziba ni wodi: mgonjwa ameshaandikiwa kulazwa, lakini bado yuko dharura akisubiri kitanda.

Piga hesabu kwa kalamu kwanza. Wakifika wagonjwa 6 kwa saa, 20% wakalazwa, na kila mmoja akasubiri wodi saa 8, vitanda vinavyoshikiliwa na wanaosubiri tu ni 6 × 0.2 × 8, yaani 9.6. Tuseme 15% huletwa na ambulensi. Ukizielekeza zote kwingine kwa saa nzima, umepunguza wagonjwa 0.9. Hata mmoja hajatimia!

Kwenye rejista chukua nyakati tano za kila mgonjwa: kufika, triaji (kupangwa kwa uzito wa hali), kuonwa na daktari, uamuzi wa kulaza, kuondoka. Waliovuka saa 6 usiku bila tarehe kuandikwa watakupa muda hasi, warekebishe. Kasi ya kufika ibadilike kila saa na kila siku ya juma. Na usisahau wagonjwa wa upasuaji wa kupangwa, maana nao wanagombea vitanda vilevile vya wodi.

Ukitumia SimPy, maktaba ya Python ya kuiga foleni, chunga kosa hili. Kitanda cha dharura huombwa ndani ya bloku ya `with`. Ombi la kitanda cha wodi lazima liwe humohumo. Likikaa nje, kitanda cha dharura kinaachiliwa kabla mgonjwa hajapata pa kwenda, na msongamano wote unayeyuka kwenye skrini. Utafurahi bure.

Weka angalau hospitali mbili, kwa sababu ambulensi inayokataliwa na ya kwanza huijaza ya pili, nayo ikafunga. Massachusetts, Marekani, ilipiga marufuku utaratibu huo wa kukataa ambulensi kuanzia 1 Januari 2009, isipokuwa hospitali ikipatwa na janga la ndani. Sheria hiyo iigize pia.

Modeli huanza ikiwa tupu, kwa hiyo tupa siku 14 za mwanzo. Rudia mara 30, ukitumia mbegu zilezile za nasibu (namba zinazoanzisha bahati nasibu ya kompyuta) kwa kila hali unayolinganisha. Kisha pima idadi ya wagonjwa saa kwa saa dhidi ya rejista: wastani wa siku unaweza kulingana huku saa 4 usiku modeli ina nusu tu ya waliokuwepo.

Jaribio la kwanza lisiguse ambulensi. Sogeza muda wa wagonjwa wa wodini kuruhusiwa kwenda nyumbani kutoka saa 9 alasiri hadi saa 5 asubuhi, bila kuongeza kitanda, uone foleni ya jioni inavyobadilika.