Kuni za Uingereza: Usiamini Nyufa, Pasua Upime

Ndugu mliohamia nyumba zenye jiko la chuma la kuni huko England, msinunue kuni kwa macho. Nyumbani kuni mbichi ikifuka, moshi unapenya kwenye makuti, mpishi anafuta macho, yameisha. Huku moshi huo unapanda kwenye dohani baridi na kuganda kama lami, iitwayo kreosoti, na lami hiyo ikishika moto nyumba nzima iko hatarini.

Mtego ni nyufa za nchani. Muuzaji atakuonyesha nyufa, atagonganisha magogo mawili yalie, kisha atachomeka kipimo cha unyevu kwenye ncha ile ile kisome asilimia 16. Lakini maji hutoka kwa kasi zaidi nchani kuliko ubavuni. Ncha yaweza kupasuka ndani ya wiki chache, moyo wa gogo ukiwa bado na asilimia 35. Narudia: usipime nchani, wala juu ya ganda.

Chukua magogo manne, mengine ya chini kabisa ya rundo. Yaache ndani mpaka yapate joto la chumba, maana kuni yenye baridi kali hukifanya kipimo kisome chini ya ukweli. Yapasue kwa shoka, kisha papo hapo kandamiza pini mbili za kipimo katikati ya uso mpya, zikifuata nyuzi za mti. Ikiwa ni asilimia 20 au pungufu, choma. Ikizidi, panga rundo chini ya paa, pande zikiwa wazi kwa upepo. Turubai la kufunika gubigubi linaozesha. Mwaloni waweza kutaka miaka 2 tangu upasuliwe.

Huna kipimo? Andika uzito wa gogo, lipime tena baada ya wiki mbili. Likizidi kupungua, bado.

Tangu Mei 2021 kuni zinazouzwa England kwa mzigo usiofika mita 2 za ujazo sharti ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20. Kuanzia mita 2, muuzaji anaruhusiwa kukupa mbichi, mradi akupe maelezo ya kuzikausha. Hapo ndipo ndugu zetu wanaokimbilia bei nafuu ya mzigo mkubwa wanapoumia. Jamani, "kuni ni kuni" ni maneno ya mafiga matatu. Wenyeji huheshimu karatasi, na ni tabia njema, ila sheria hii inamlinda mnunuzi wa mfuko na kumwacha wa lori ajitetee.

Gogo likichemka na kutoa povu nchani motoni, acha kuchoma rundo hilo, hata kama risiti imeandikwa "kavu".