Kutikisa unywele wa NbSe3 na kusoma vidato vya mkondo
Ukiwa na nitrojeni ya kimiminika tu, ile wanayotumia wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe, chagua NbSe3 (triselenidi ya niobiamu, fuwele nyembamba kama unywele) kwa jaribio hili: wimbi lake la kwanza la msongamano wa chaji, yaani elektroni zikijipanga kwa zamu za wingi na uchache, huanza kwenye 145 K (kelvini). Ukiwa Mwanza, uko juu, mita 1,140 hivi, hivyo nitrojeni huchemka karibu na 76 K. Usirekebishe kipimajoto kwa 77 ya kitabuni.

Tafuta unywele wa fuwele wenye unene wa mikromita 1 na upana wa 10. Uning'inize kati ya pedi mbili za dhahabu zilizoachana mikromita 50, ncha zikishikwa kwa rangi yenye chembe za fedha, inayopitisha umeme. Ukigusa kioo cha chini hautatikisika. Piezo ya kauri (kipande kinachotetemeka kikipewa volteji ya AC) igundishwe chini ya kibao. Poza polepole ndani ya ombwe, la sivyo viungo hukatika.

Anza bila mtikisiko. Pandisha mkondo wa DC taratibu, juu yake AC isiyozidi mikroampia 1, uchore dV/dI, yaani badiliko la volteji kwa kila badiliko la mkondo. Inapoanza kushuka ndipo kizingiti: wimbi limejinasua kwenye kasoro za fuwele, linateleza. Usizidishe mkondo, maana ndani ya ombwe joto hutoka kupitia ncha tu.

Sasa washa piezo, utafute frikwensi ya asili ya unywele, megahezi 2 hivi. Wimbi huteleza kwa mapigo. Mapigo yakifungamana na mtikisiko, mkondo wa wimbi hukwama huku volteji ikipanda (hicho ndicho kidato), na dV/dI hutoa kilele. Kwa ukubwa huu, kila megahezi ni mikroampia 4 hivi za wimbi, kwa hiyo kitafute kwenye 8 au 9, ukishaondoa mkondo wa elektroni za kawaida, zisizo ndani ya wimbi.

Wengi hudanganyika hapa. Waya wa piezo ni antena: volteji ikivuja hadi kwenye sampuli hutoa vidato vilevile, unywele ukiwa umetulia kabisa. Sogeza frikwensi pembeni asilimia chache. Vidato vya mtikisiko hufifia. Vya umeme hubaki, vikihama kidogo kufuata frikwensi. Bado una shaka? Ingiza heliamu kidogo: gesi hutuliza unywele, lakini uvujaji haujali. Vikibaki vilevile, funga waya wa piezo kwenye kinga ya chuma iliyounganishwa ardhini, kisha rudia.