Kufuga kamba wekundu wa maji baridi nyumbani, kwa sisi wa Tanga

Anza na kamba wadogo wekundu, Neocaridina davidi. Asili yao ni Asia ya Mashariki, urefu wao ni kama sentimita 3, na ni wavumilivu kuliko jamaa zao wengi wa mapambo.

1. Tafuta tangi la lita 20 au zaidi. Weka mchanga uliooshwa vizuri, mimea, na chujio la sponji la pampu ya hewa, maana halimezi watoto.

2. Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi siku moja au mbili ipungue. Maji ya visima vya karibu na bahari mara nyingi yana chumvi, achana nayo.

3. Tia punje chache za chakula cha samaki, kisha subiri wiki 4 hadi 6 kabla ya kuingiza kamba. Muda huo bakteria wanaota, wale wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Ukikatisha hapa, kamba watakufa.

4. Waingize polepole. Mpira wa dripu wa duka la dawa unafaa sana: dondosha maji ya tangi kwenye chombo chao kwa saa moja au mbili.

5. Chakula kikuu okota chini ya mti wa mkungu. Chagua majani yaliyokauka yenyewe, mbali na barabara, yaoshe na uyachemshe kidogo. Baada ya siku chache utando laini huota juu yake, na kamba huukwangua kutwa nzima. Mchicha uliochemshwa uwape mara mojamoja.

Joto lifaalo ni nyuzi 22 hadi 28. Wakati wa kaskazi elekeza feni juu ya maji, ujazilie yanayopungua.

Lakini nasisitiza zaidi dawa ya mbu. Nyingi za kupuliza zina sumu za jamii ya pareto, na pampu huivuta hewa ile moja kwa moja hadi majini. Usipulize kabisa chumba chenye tangi. Ukishika chandarua chenye dawa, nawa kabla ya kuingiza mkono. Dawa za samaki zenye shaba nazo ziepuke.

Jike hubeba mayai 20 hadi 30 chini ya tumbo kwa wiki kama tatu au nne. Ukikuta ganda tupu linaelea, liache: watalila wapate madini ya ganda jipya.