Jinsi ya kuchagua kati ya "widespread", "rampant" na "prevalent"

Juzi mtoto wa dada yangu kanipigia saa nne usiku, ana barua ya kuomba ufadhili wa masomo na mwisho wa kutuma ni kesho yake asubuhi, akanisomea: "Volunteering is rampant in my ward." Mjomba, imekaaje hapo? Nikamwambia futa hiyo "rampant" kwanza, halafu tukaenda hivi.

Hatua ya 1: Isikilize sentensi kwa Kiswahili

Wenzetu wa Kiingereza hapa wanatumia kivumishi, sisi tunatumia kitenzi, na vitenzi vyetu vimeshatenganisha maana zote. Ufisadi umekithiri, hiyo "rampant". Mafuriko yameenea mkoa mzima, "widespread". Harufu ya dagaa imetanda nyumba nzima, "pervasive". Bodaboda zipo kila kona, "ubiquitous". Sasa jiulize, ukitaka kuwasifia watu wa kata yako utasema kujitolea kumekithiri? Husemi.

Hatua ya 2: Rampant iachie mabaya

Asili yake ni Kifaransa cha zamani, kukwea, na yule simba wa kwenye bendera ya kifalme ya Scotland aliyesimama kwa miguu ya nyuma kucha nje anaitwa "lion rampant". Ndo picha iliyomo humo, kitu kimenyanyuka na hakishikiki: rushwa, mfumuko wa bei, uhalifu, hata magugu shambani. Jema likienea sema "widespread", mfano "widespread support". Barua yetu tuliishia na "common", na mimi hiyo naipenda kuliko zote, fupi na inakubali karibu nomino yoyote.

Hatua ya 3: Prevalent (hapa usikimbie)

Hii ni ya kitu kinachopatikana sana mahali fulani, kwa watu fulani au wakati fulani, kwa hiyo peke yake inaning'inia, msomaji anabaki anauliza wapi, kwa nani? Mahali weka "in", watu weka "among": "Malaria is prevalent in the Lake Zone", "Smoking is more prevalent among men". Inafaa ripoti, utafiti, mambo ya afya na mitazamo ya watu. Ukimwandikia rafiki meseji kwamba chipsi mayai ni "prevalent" mtaani kwenu utasikika kama unasoma taarifa ya wizara.

Halafu kuna nomino yake, "prevalence", na hii iliwahi kunikalisha mpaka saa nane usiku. Nilikuwa natafsiri ripoti ya afya, kila "prevalence" nikaandika maambukizi mapya, kurasa na kurasa, nikaja kushtuka kwenye jedwali la mwisho namba hazikubaliani na maelezo yangu, ikabidi nirudi mwanzo nisahihishe moja moja. "Prevalence" ni wote wenye ugonjwa kwa wakati huo, wa zamani na wapya, hata aliyeugua miaka kumi iliyopita na bado anao yumo. Wapya peke yao ndani ya kipindi fulani ni "incidence". Ugonjwa unaweza kuwa na wagonjwa wapya wachache na bado "prevalence" yake ikapanda, kwa sababu watu wanatibiwa na wanaishi miaka mingi nao. Ukiona neno hilo kwenye ripoti, soma jedwali kabla hujaandika chochote.

Na mkazo: PRE-valent, silabi ya kwanza. Ulimi wetu umezoea kukaza silabi ya pili toka mwisho kwa hiyo unatuvuta kwenye "va", ukatae.

Hatua ya 4: Hakiki

Zile orodha za visawe kwenye simu mimi sizitaki kabisa, zinakupa maneno kumi kana kwamba yote ni pacha. Fungua kamusi ya wanaojifunza, Oxford Learner's ipo bure mtandaoni, usome mifano ya sentensi siyo maana tu. Ukibaki na wasiwasi weka maneno mawili ndani ya alama za kunukuu Google, "rampant support" halafu "widespread support", uone watu wanaandika ipi.

Hatua ya 5: Mengineyo

"Rife" (kitu kimezagaa, hasa kibaya) inakaa baada ya kitenzi: "Rumours are rife", usiseme "rife rumours". Na "widespread" ni neno moja, usiliachanishe.