SOMO: Soma nembo ya pikipiki ya Austria kabla hujagusa tangi kwa msasa

Wakuu, mwaka huu swali hili nimelijibu hadi nimechoka: "Fundi, nina tangi kuukuu la Puch (au KTM), nembo imefutika, nichore ipi?" Mara nyingi linakuja na picha moja ya tangi ambalo limeshapigwa msasa likabaki bati tupu. Naandika hapa mara moja, kwa utulivu. Atakayeuliza tena nitamleta huku.

Kazi yangu ni rangi. Niko Graz, Austria, mwaka wa kumi na moja sasa, na kwa kuwa Johann Puch alianzia Graz, matangi ya Puch ndiyo hunijia zaidi. KTM hufuata. Nazipenda nembo hizi na huniuma kuona imechorwa ya mwaka mwingine juu ya chombo ambacho mtu amekitunza nusu karne.

Hatua ya 1. Piga picha kabla hujagusa kitu. Kivulini, kamera itazamane na nembo moja kwa moja, rula pembeni.

Hatua ya 2. Andika namba ya fremu na namba ya injini, kisha itazame injini yenyewe. Jina la kwenye tangi linaweza kuwa la muuzaji tu. Miaka ya 1950 na 1960 kampuni ya Sears ya Marekani iliuza pikipiki za Puch kwa jina la Allstate. Ukisoma tangi utasema ni ya Kimarekani, ukifungua injini utakutana na Graz: pistoni mbili zinazopanda na kushuka pamoja, zikigawana chemba moja ya kuunguzia. Pistoni moja hufungua na kufunga njia ya kuingiza mchanganyiko, nyingine njia ya kutoa moshi. Puch waliishikilia injini ya namna hii tangu miaka ya 1920, na Wamarekani waliipa jina la Twingle. Ukiiona, hata tangi likiwa halina herufi moja, umeshajua pa kuanzia.

Hatua ya 3. Jua mwaka wa chombo, halafu jua kiwanda kilikuwa mikononi mwa nani mwaka huo. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Mteja aliniletea KTM ya miaka ya 1970. Niliona tangi lina kutu, nikalisugua lote siku ileile. Nikachukua nembo ya KTM inayojulikana leo, herufi nene zilizoinama kwenda kulia, nikaweka na rangi ya chungwa kwa sababu kichwani mwangu KTM na chungwa ni kitu kimoja. Siku tatu za kazi. Mteja alipokuja alitoa mkobani picha ya marehemu baba yake amekaa juu ya pikipiki ileile, na chungwa halimo hata chembe. Hakunigombeza. Alikaa tu akaitazama picha, akatazama tangi. Rangi nilirudia kwa gharama yangu, lakini stika ya asili iliyokuwa chini ya ile kutu nilikuwa nimeshaifuta, na hiyo haikurudi.

Ukweli ambao ningeujua kabla ni huu: chungwa la KTM ni la juzi. Pikipiki zao za motokrosi zilianza kuvaa rangi hiyo mwaka 1996. Kampuni ilifilisika mwishoni mwa 1991 ikagawanywa vipande. Baiskeli zikaenda upande wao, pikipiki upande wao. Wenye pikipiki walitaka zitambulike kwa mbali, na sura yao mpya ikatengenezwa na ofisi ya usanifu ya Kiska, iliyo karibu na Salzburg. Kwa hiyo tangi la kabla ya hapo usilipake chungwa mpaka uwe na ushahidi wa chombo hichohicho.

Hata herufi tatu zenyewe zimebadilika maana. Hans Trunkenpolz alifungua karakana ya ukarabati Mattighofen mwaka 1934. Pikipiki ya kwanza, R100, ilitoka 1953, na mwaka huohuo mfanyabiashara Ernst Kronreif akaingia ubia. Tangu hapo KTM ikasomeka Kronreif, Trunkenpolz, Mattighofen. Watu wawili na mji mmoja, ndiyo nembo nzima.

Kwa Puch, miaka ya kushika ni hii. 1889 Johann Puch anaanza na baiskeli, 1899 anaunda kampuni ya hisa. Anafariki 1914. Mwaka 1928 kampuni inaungana na Austro-Daimler, watengenezaji wa magari, 1934 wote wanaungana na Steyr, na jina linakuwa Steyr-Daimler-Puch. Mwaka 1987 upande wa magurudumu mawili unauzwa kwa Piaggio wa Italia. Muungano wa 1934 una maana kwa mchoraji. Steyr walikuwa watengenezaji wa bunduki, ndiyo maana nembo yao ni shabaha, ile ya kulengea risasi. Puch rangi zake ni kijani na nyeupe. Ukikuta duara katika mali ya kampuni hii usikimbilie kusema "gurudumu". Uliza kwanza ni duara la nani.

Maonyo:
– Usisugue mpaka umemulika tangi kwa tochi iliyolazwa ubavuni, gizani. Ukingo wa stika ya zamani huacha ngazi ndogo kwenye rangi, na mwanga wa ubavuni huionyesha.
– Ukiiona ngazi hiyo, weka karatasi nyembamba juu yake, pitisha penseli laini kwa kulaza. Umbo litajitokeza.
– Usiamini picha ya mtandaoni ya pikipiki "iliyorudishwa upya". Huenda fundi wake naye alifanya kosa langu.

Hatua ya 4. Ondoa zisizohusika. Husqvarna ni ya Uswidi, ingawa tangu 2013 iko chini ya wenye KTM. GasGas ni ya Hispania. Laurin & Klement ilizaliwa ndani ya dola ya Austria-Hungaria, lakini mji wake, Mladá Boleslav, leo uko Ucheki.

Hatua ya 5. Chora kwenye karatasi kwanza, ubandike kwenye tangi, urudi nyuma hatua tano. Tangi limepinda, na duara lililopigwa bikari mezani litaonekana yai likikaa pale. Rekebisha karatasi kwa jicho mpaka litulie.

Hatua ya 6. Rangi, stika, klia (ile rangi angavu ya kufunika juu). Klia iwe ile ya kuchanganya na hadna, yaani dawa ya kuigumisha. Ya kopo la kupuliza peke yake petroli huila.

MASWALI YA WANACHAMA

Mjomba_Gerezani: Somo refu sana mkuu. Kwa kifupi tu, Puch ni nembo gani?

Jibu: Ya mwaka gani? Hatua ya 3.

Kijana wa Tandale: Fundi nina Boxer 150, nataka uniwekee nembo ya KTM tangi zima na rangi ya chungwa, halafu niiuze kama KTM. Bei gani?

Jibu: Sifanyi. Alama ya biashara ni mali ya watu, na mnunuzi wako atakuwa ametapeliwa. Boxer ni pikipiki ya heshima kwa jina lake, imelisha familia nyingi huko nyumbani.

Dada Mwanaisha: Shikamoo fundi. Umesema rangi za Puch ni kijani na nyeupe. Kwa nini hizo, na si nyekundu na nyeupe za bendera ya Austria?

Jibu: Marahaba dada, asante kwa swali hili. Graz ni mji mkuu wa jimbo la Styria, na bendera ya jimbo ni nyeupe juu, kijani chini. Ngao ya jimbo ina chui mweupe anayetema moto kwenye uwanja wa kijani. Mtu wa hapa akiziona rangi hizo mbili anajua ni za kwao, kama Mzanzibari anavyozitambua zake. Puch mwenyewe hakuzaliwa hapa. Alizaliwa 1862 katika kijiji cha Sakušak, leo kiko Slovenia, na Waslovenia humwita Janez Puh. Alikuja mjini akiwa fundi, akajenga kiwanda. Ukifika Graz nenda makumbusho ya Johann Puch, yako ndani ya jengo la kiwanda cha zamani. Nilipata kusimama hapo saa nzima nikitazama beji tu.

Dada Mwanaisha: Na jina hutamkwaje? Wengine husema "Pach".

Jibu: Sisi Waswahili tuna bahati, sauti tunayo. Ni "Pukh", kh ileile ya kheri na khofu.

Bin Seif, Muscat: Hans wa KTM umesema alianza 1934, halafu herufi ni za 1953. Kati ya hapo jina lilikuwa nini?

Jibu: Karakana ilijulikana kwa Trunkenpolz na mji wake. Herufi zilisomwa Kraftfahrzeuge Trunkenpolz Mattighofen, yaani vyombo vya moto vya Trunkenpolz, Mattighofen. K ilikuwa ya vyombo, ikaja kuwa ya mtu. Umesoma kwa makini, nashukuru.

Mzee wa Spana: Husqvarna si ya Austria kweli? Nimeona zinatoka kiwanda kimoja na KTM.

Jibu: Hatua ya 4, mzee wangu. Kiwanda ni kimoja, asili ni mbili. Ila kwa kuwa umeitaja: nembo ya Husqvarna ni mdomo wa bunduki ukiutazama kwa mbele pamoja na kilengeo chake, na taji juu, kwa sababu ilianza kama kiwanda cha silaha mwaka 1689. Iweke kando ya shabaha ya Steyr. Mmoja amechora bunduki, mwingine amechora pale risasi inapokwenda.

Kijana wa Tandale: Sasa mbona watu wanasema Bajaj ndiyo KTM? Ndiyo maana niliuliza.

Jibu: Hilo ungeanza nalo. Bajaj Auto wa India, hao hao wa Boxer na wa bajaji za magurudumu matatu, walinunua hisa za KTM kuanzia 2007, na KTM ndogo kama Duke 200 zikaanza kutengenezwa India. Novemba 2024 KTM ikaelemewa na madeni ikaenda mahakamani, na 2025 Bajaj wakatoa fedha za kuiokoa na kushika usukani. Kwa hiyo undugu upo, ila ni wa mwenye mali. Ukitaka Bajaj yenye damu ya KTM itafute Dominar 400. Injini yake imetokana na ya KTM 390. Hata Puch ilifika India, mopedi za Hero Puch zilitengenezwa huko kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980.

Kijana wa Tandale: Nimekuelewa kaka. Basi Boxer iwekee nembo yake mpya, nitaisubiri ukija likizo.

Jibu: Hiyo nafanya.

Mama Pili, Arusha: Nimejaribu penseli kwenye moped ya Puch Maxi ya marehemu shemeji. Upande wa kulia limetokea duara, kushoto hakuna kitu. Nifanyeje?

Jibu: Shikamoo mama. Hongera, umeokoa nusu. Upande wa kushoto pengine ulikaa juani, stika ikang'oka mapema. Usigeuze karatasi ya kulia kama kioo, herufi zitasomeka kinyume. Pima kutoka mshono wa bati hadi katikati ya duara upande wa kulia, uhamishie kipimo kilekile kushoto. Maxi zilianza 1969, kwa hiyo tunatafuta beji ya baada ya hapo. Nitumie namba ya fremu na picha ya karatasi, Jumamosi nitakwenda nayo makumbusho niilinganishe na walizonazo.

Mama Pili, Arusha: Marahaba mwanangu. Karatasi nimeikunja ndani ya kitabu isichafuke.

Jibu: Ikunjue mama, iache imelala. Mkunjo utapita katikati ya herufi.