Moto wa makuti Lamu: la kufanya kabla zimamoto hawajafika

Gari la zimamoto haliwezi kupita vichochoro vya mji wa kale wa Lamu, na Shela ni vivyo hivyo. Dakika za mwanzo ni za majirani, kwa hiyo wao ndio wanaopaswa kujua kazi hii.

Paa la makuti likishashika sawasawa, liache liungue. Toa watu, kisha linda paa la jirani. Makuti yamepangwa ili maji ya mvua yateleze. Ndoo unayoirusha juu inashuka hadi ukingoni na moto unaendelea kula kwa ndani. Tazama moshi unaelekea wapi. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, makuti ni makavu kabisa na cheche huruka kuelekea kusini magharibi. Kusi likivuma huzigeuza. Wenye maji wakae upande ule zinakoangukia.

Anayetoka azime umeme kwenye swichi kuu, na atoe mtungi wa gesi kama bado haujaguswa na moto. Ukishapata moto usiusogelee, ondoa watu wote. Kama ndani kuna madumu ya petroli ya mashine ya boti, sema mapema kwa sauti.

Maji ya karibu huwa kwenye kisima au birika la msikiti. Pangeni safu mbili, moja ya kupeleka ndoo na moja ya kurudisha tupu. Ndoo ya lita 20 ijazwe nusu tu, maana iliyojaa pomoni humwagika njiani na kumchosha mtu mapema. Juu ya paa la jirani wawekwe watu wawili wenye magunia yaliyoloa, wazipige cheche zinapotua.

Upepo ukiwa mkali, paa likatwe. Kata kamba zinazofunga makuti kwenye fito, ukianzia kileleni kushuka, kwa sababu kuti la juu limelalia la chini yake. Acha pengo la hatua nne au zaidi. Kosa la kawaida ni kuanza kukata karibu mno na moto: unawafikia hamjafika nusu, na mliokata hamna pa kushukia. Angusheni makuti mbali na ukuta na myamwagie maji.

Pampu ya maji inayoendeshwa kwa petroli huokoa mtaa mzima ikitumiwa vizuri, na mara nyingi haitumiwi vizuri. Haivuti maji yaliyo zaidi ya mita 7 hivi chini yake, hata mashine iwe na nguvu kiasi gani. Siku za bamvua maji yakipwa, bahari hurudi mbali na ukuta wa forodhani, na mpira wa kuvutia huishia kwenye tope. Msihangaike na mashine ukutani. Ishusheni, au ipakieni kwenye boti na isukume maji kupanda. Kusukuma inaweza, kuvuta ndiko kunakoishinda. Kabla ya kuiwasha, ijazeni maji tumboni. Ikiunguruma bila kutoa maji, kagueni viungo vya mpira wa kuvutia, kwani tundu dogo tu la hewa linatosha kuizuia. Kichujio kizame chote bila kugusa mchanga. Kazi ikiisha, isafisheni kwa maji baridi yasiyo na chumvi, la sivyo chuma kitaliwa.

Makuti yaliyozimwa hubaki na moto ndani kwa saa nyingi. Yafumueni na kuyalowesha, na mtu akeshe hapo.

Sasa aliyeungua. Mmwagie maji ya baridi ya bomba au kisima kwa dakika 20. Hata zikipita saa mbili tangu aungue, bado yanasaidia. Usitumie barafu. Mvue pete, bangili na nguo mapema kabla hajavimba, lakini nguo iliyogandia ngozi iache. Dawa ya meno, mayai na mafuta huzuia daktari kuona jeraha na huweza kuleta uchafu. Funika kwa nailoni safi au kitambaa safi, na sehemu nyingine za mwili zipate joto, hasa kwa mtoto. Masizi puani, nyusi zilizoungua au sauti iliyokwaruza ni dalili kwamba huenda koo linavimba: mkalishe wima na mpeleke sasa hivi, hata kama anaongea vizuri.

Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Mtu mzima akifika 15, au mtoto 10, anahitaji dripu. Hesabu inayotumika sana ni mililita 4 kwa kila kilo kwa kila asilimia: mwenye kilo 60 aliyeungua asilimia 20 hupata mililita 4,800 kwa saa 24, nusu yake ndani ya saa 8 za kwanza. Saa hizo huhesabiwa tangu alipoungua, wala si tangu alipofika hospitali. Andika saa hiyo kwenye plasta na uibandike kwenye nguo yake kabla boti haijaondoka.