Kabla hujamuandikisha mtoto sekondari na nyie ni watu wa dago

Naandika kwa wazee wenzangu wa huku kaskazini Pemba, Micheweni, Konde, Msuka, Tumbe, kote ambako mpaka wetu na Kenya hauna geti wala kibao, ni maji tu, na baba yuko dago, yaani kambi ya uvuvi, kule Shimoni au Vanga upande wa Kenya nusu ya mwaka. Skuli zetu za serikali zimejaa watoto wa namna hii, mmoja kasomea huku tangu mwanzo, mwengine kazaliwa dago, wa tatu kasoma kule mpaka gredi ya nne akarudishwa kwa bibi. Sasa Januari ikikaribia msikurupuke.

Yunifomu mpelekee fundi mwezi wa kumi na moja, Disemba kila fundi atakwambia njoo kesho. Viatu, madaftari, mkoba, hayo mnayajua.

Njia aipite kwa miguu kabla ya siku yenyewe na wewe uwe nyuma yake, maana wakati wa kiangazi unaiona fupi, masika yakija ndo utajua.

Mlezi. Skuli inafunguliwa Januari na Januari ndo kaskazi, bahari imetulia, wanaume wote wako dago. Mwalimu akimwita mzee nani atakwenda? Amueni mapema, mtu mmoja tu, mzima wa akili, mwenye simu inayopokelewa, na skuli wamjue kwa sura.

Aliyesoma Kenya aje na transfa na ripoti yake ya mwisho. Kule wanahisabu kwa gredi, huku msingi ni miaka 6 halafu kidato cha kwanza, mwalimu mkuu lazima aone karatasi ajue amueke wapi, usimpelekee hadithi.

Haya, jina. Hapa kaeni chini.

Mwanangu wa kwanza cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa Abubakar Hamad Ali. Mwaka wa kumtia skuli mie nilikuwa Vanga na baba yake, bibi yake ndo akamshika mkono akampeleka. Kaulizwa jina mtoto, bibi akasema Bakari, si ndo tunavyomwita nyumbani. Bakari nani? Bakari Hamadi. Na la tatu? Bibi wa watu badala ya kutaja la babu akataja la ukoo, Khamis. Cheti hakwenda nacho na mwalimu hakukidai. Ripoti zikawa zinakuja Bakari Hamadi Khamis, nazisoma, nasema mwanangu huyu, natazama namba tu za hesabu nafunga. Mtihani wa kidato cha pili akafanya kwa jina hilo, fomu foo kwa jina hilo, akapata divisheni tuu, tukachinja jogoo.

Kuja kuomba chuo na mkopo, kijana wa ofisini akaviweka vyeti viwili sambamba mezani, akapita na kalamu herufi moja moja, akaninyanyulia macho akasema mama, hivi ni vyeti vya watoto wawili. Nikacheka nikadhani masihara. Barua ya sheha, yule kiongozi wa serikali hapa kijijini, kiapo kwa wakili, Wete mara tatu, Unguja kwa boti mara mbili, kila mlango unanambia rudi ulikotoka, na cheti cha mtihani tuliambiwa hakiguswi, kwahiyo hicho kingine ndo kiinamie. Ikakatika mwaka. Mwanangu mwaka ule wote alikuwa Shimoni anapara samaki na divisheni tuu yake imo kabatini.

Bibi simlaumu, hajui kusoma. Mie ninajua kusoma nikanyamaza miaka kumi.

Kwahiyo nenda na cheti cha kuzaliwa mkononi, mwambie mwalimu kwa adabu akuoneshe daftari, soma kwa macho yako, majina yote matatu. Hamad na Hamadi kwenye kompyuta ni watu wawili. Halafu rudi tena kabla hajasajiliwa mtihani wa kidato cha pili maana jina la pale ndo linalokwenda nae fomu foo, na ukiona kosa usiondoke mpaka lirekebishwe mbele yako, uonekane mkorofi potelea mbali.

Waliozaliwa kule msiwatolee karatasi mara mbili mbili kwa kujihami. Kenya 2023 iliwatambua Wapemba wanaoishi kule kuwa raia, wengi wamepata vitambulisho, kheri yao. Lakini Tanzania mtu mzima haruhusiwi uraia wa nchi mbili, kwahiyo mtoto akikaribia miaka 18 kaeni kitako mjue ni wa wapi, muulizeni sheha mapema, sio siku anayodaiwa kitambulisho.

Karafuu je? Zikiiva darasa linapungua nusu, na fomu foo wanafanya mtihani Novemba. Kubalianeni kabla, siku za skuli haparamii mkarafuu mtu.

Karatasi zisirowe. Mashua inapiga maji na mfuko wa plastiki Kenya wanaukamata tangu 2017, tieni vyeti kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko, kopi mpeni mlezi, picha eka kwenye simu ya mtu mwengine pia, namba ya mwalimu andikeni karatasini sio simuni tu, simu huanguka baharini. Na mabaharia wa kufahamiana nao msiwape karatasi wawapelekee. Na hilo kopo mwambieni bibi asije akalitia sukari.